Mwaka wa Macho Meupe

Mama mkubwa alikufa macho yake yakiwa meupe kabisa, kama alivyotaka maisha yake yote. Aliyeniambia ni Kabula, binti yake, kwa simu, kabla hata hajanitajia siku ya maziko. "Yalikuwa meupe, Minza," alisema. "Nimeyaangalia mwenyewe kabla sijayafumba." Mtu mwingine angeona hayo ni maneno ya ajabu ya kupelekea habari za msiba. Mimi nilimjibu asante dada, nikaweka simu mezani, nikaenda kutafuta kanga ya kufungia kichwani.

Nilipofika Butimba turubai lilikuwa limekwisha kufungwa uani na sufuria za msiba zinachemka nyuma ya nyumba. Wanawake wa jumuiya walikuja mmoja mmoja. Kila aliyeingia alifanya kama ilivyo desturi yetu: alianza kulia tangu njiani, akaingia chumbani walipokaa wafiwa, akatuangukia mabegani, akatulowesha. Mimi na Kabula tulikaa juu ya godoro lililowekwa sakafuni, tukawapokea, tukawapigapiga mgongoni kana kwamba wao ndio waliofiwa. Mchana nilimsikia mama mmoja chini ya dirisha akimwuliza mwenzake kama marehemu alikuwa amegombana na watoto wake. Mwenzake akamjibu kwamba hapana, watu wa nyumba hii ndivyo walivyo, yeye amekaa nao jirani miaka yote na hajawahi kumwona hata mmoja wao akidondosha chozi. Kabula naye alisikia. Hakugeuza shingo. Alivuta kanga yake magotini na kuniuliza taratibu kama nimekula.

Nilikaa katika nyumba ile mwaka mmoja tu, mwaka niliotimiza miaka kumi na minne. Nilivyofika pale ni habari nyingine. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimepata nafasi ya sekondari mjini na Mama mkubwa ndiye ndugu aliyekuwa na nyumba karibu. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu na stoo, imeezekwa kwa bati, na kama nyumba nyingi za wakati ule kuta zake za ndani hazikufika juu. Kati ya kichwa cha ukuta na bati kulikuwa na uwazi wa karibu mkono mzima, kwa hiyo mtu akikohoa sebuleni alisikika mpaka chumba cha mwisho. Mama mkubwa alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha la mashariki, na vipande vya kitambaa cha bluu vilijaa kila pembe, hata katika unga ulikuta uzi. Nilimpenda siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke mrefu, nadhifu, mwenye sauti ya chini, na alinipokea kwa kuninawisha uso yeye mwenyewe kwenye beseni, polepole, kana kwamba mimi ni mtoto mchanga. Kesho yake ndipo nilipojua kwa nini.

Kila asubuhi, kabla ya chai, tulisimama pale dirishani, Kabula kwanza, mimi nyuma yake. Kabula alikuwa na miaka kumi na saba. Mama mkubwa alimshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akalivuta kope la chini kwa kidole gumba, jicho moja, kisha la pili. Kidole kile kilinuka mafuta ya cherehani. Akiona weupe alisema, "Kanywe chai." Akiona wekundu hakusema kitu, alinyoosha mkono kuelekea stoo, na aliyeoneshwa alikwenda mwenyewe. Aliingia, mlango ukafungwa kwa kufuli kwa nje, na alikaa humo mpaka macho yatakapotakata, iwe saa moja au kutwa nzima. Wiki ile ya kwanza nilidhani ni ugonjwa anaouogopa. Nilimwuliza Kabula, akaniambia nisiulize, nijifunze tu. Akanifundisha: usilale kwa tumbo, usifikiche macho, usisome kwa koroboi, usikae upande unakoelekea moshi. Kuni hazikuingia katika nyumba ile. Mkaa aliuwasha Mama mkubwa mwenyewe, nje, akaungoja ushike vizuri usitoe hata uzi wa moshi, ndipo akatuita tupike. Mboga yetu haikuwekwa kitunguu. Tulikula ugali wa udaga wa muhogo na dagaa, au mlenda, na Jumapili sato wa kuchemsha kwa nyanya na chumvi. Mpaka leo chakula chenye kitunguu hunishtua kidogo ulimini, kama mtu aliyefanya jambo la siri.

Lakini moshi na vitunguu vilikuwa vitu vidogo. Kosa kubwa katika nyumba ile lilikuwa kulia. Mama mkubwa alikuwa na rula ya mbao ya kupimia vitambaa, ndefu, yenye ncha za bati, na aliitumia kwenye nyayo. Alikupiga kwa kosa ulilofanya, sahani iliyovunjika au maji yaliyomwagika, halafu akasimama akikutazama usoni. Ukitoa chozi alianza upya, na safari hii alikupiga kwa ajili ya chozi. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo linalonitisha ninapolikumbuka, kwamba mkono wake ulikuwa mtulivu, kama anapima kitambaa cha mteja. Mwezi wa pili nilikuwa nimekwisha jua namna ya kulisukuma chozi lirudi: unaangalia juu, unameza mate, unahesabu misumari ya bati. Kabula yeye alikuwa fundi zaidi. Uso wake ulikaa tu, kama wa mtu anayesubiri foleni.

Na mbele za watu alikuwa mwingine. Wateja walimpenda. Aliwapima watoto wao kwa mikono miepesi, akawauliza majina, akawachekesha. Siku moja mtoto mdogo wa kiume aliogopa utepe wa kupimia akaangua kilio katikati ya sebule. Nilikuwa nimekaa nafunga vifungo vya mashati, nikamwona Mama mkubwa akirudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo ukagusa ukuta. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akamwambia mama wa mtoto, kwa adabu kabisa, kwamba leo ana kazi nyingi, amlete siku nyingine. Walipotoka alifunga mlango, akakaa kwenye cherehani, akashona mshono mrefu ulionyooka juu ya kitambaa kisichokuwa na kazi yoyote. Jambo lingine nililoliona ni kwamba mtu akipiga hodi hakujibiwa. Mama mkubwa alichungulia kwanza kwenye upenyo wa mlango, akangoja hodi ya tatu, na hata hapo mtu akiomba maji ya kunywa aliambiwa hakuna. Mtungi ulikuwa umejaa, tena umefunikwa sahani safi. Niliona aibu. Nilitoka katika nyumba ambayo mpita njia hanyimwi maji.

Mwezi wa nne yalitoka matokeo ya kidato cha nne, na Kabula alikuwa amefeli. Alirudi nyumbani na habari hiyo, akamweleza mama yake wima kama anayesoma risala, kisha akaenda chooni. Nilikuwa naanika nguo karibu na choo. Nilimsikia. Alikuwa ameuma kanga, maana sauti ilitoka kwa vipande, na mimi nilisimama pale na shati mkononi na kitu kama furaha kikanipanda kifuani, kwamba hata yeye. Jioni tulipoketi kula, Mama mkubwa aliweka tonge chini, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza nani amelia katika nyumba hii. Kabula alikuwa amekwisha nawa kwa maji baridi muda mrefu. Macho yake yalikuwa safi. Angepona. Mimi ndiye niliyesema. Sikulazimishwa, sikutishwa kwa rula. Nilisema, "Dada Kabula amelia chooni," kwa sababu kwa miezi mitatu nilikuwa sijasikia neno zuri kutoka kwa yule mwanamke na nilitaka anitazame kwa wema. Akanitazama. Akachukua kichwa cha sato, sehemu ambayo siku zote alikula mwenyewe, akakiweka mbele yangu. Kabula aliinuka akaenda stoo bila kuambiwa, akakaa huko siku mbili. Mimi nilikula kile kichwa. Nilifyonza hata mifupa.

Mvua za vuli zilipoanza, ugonjwa wa macho ukaingia shuleni kwetu. Katika darasa la watu arobaini tulibaki wachache tusiofikicha. Mwalimu alituambia tunawe kwa maji safi na tusichangie taulo, utapita wenyewe. Nilirudi nyumbani kila siku nimejifunga leso puani kama vile macho hupata ugonjwa kwa pua. Asubuhi moja niliamka kope zimegandana kwa matongotongo, na nilipozitenganisha kwa mate nikahisi mchanga ndani. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja na Kabula. Aliinuka kwa kiwiko, akanitazama kwa muda. Ninajua alifikiria. Kisha akaita bila kupandisha sauti: "Mama, njoo umwone Minza." Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo.

Mama mkubwa hakunipeleka dirishani. Aliniona kutoka mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili. Jirani mmoja aliyeniulizia aliambiwa nimekwenda kijijini kumuuguza bibi. Nikaingizwa stoo. Kulikuwa na gunia la mkaa, magunia mawili ya michembe ya viazi, majora ya kitambaa cha bluu, na dirisha dogo lililopigiliwa mbao. Nililalia majora. Siku mbili za kwanza aliniosha macho kwa maji ya chumvi, chumvi nyingi, na mimi nilihesabu misumari nisiyoiona. Wekundu ulizidi. Siku ya tatu alikuja na kikombe. Ndani kulikuwa na utomvu wa majani fulani, mweupe kama maziwa, aliopewa na mwanamke mmoja sokoni aliyemwambia unatakatisha jicho kwa siku moja. Alikaa juu ya gunia, akaniweka chini, akakibana kichwa changu katikati ya magoti yake. "Ukilia nitaongeza," aliniambia. Tone la kwanza liliingia jicho la kushoto. Sitaeleza maumivu yale. Nitasema tu kwamba nilimng'ata paja kupitia nguo yake, nikasikia damu mdomoni, na yeye hakunisukuma wala hakupiga kelele. Sikulia. Tulikaa hivyo, mimi nimemng'ata, yeye amenishika, mpaka maumivu yakatulia. Hakuweka tone jicho la kulia. Sijui kama alinihurumia au mkono ulimshinda.

Siku ya tano alikuja Bibi Ngolo. Huyu alikuwa mdogo wake bibi yangu aliyemzaa Mama mkubwa, na alikuwa hajafika mjini miaka mingi. Nilimsikia akipiga hodi, mara tatu, mara nne, kwa sauti iliyochoka, halafu akajitaja. Mlango ulifunguliwa kidogo. Nilisikia shikamoo ya Mama mkubwa na marahaba iliyochelewa. Kupitia tundu la mlango wa stoo niliona kipande cha uso wa mgeni alipopita: bibi mfupi, amejifunga mgongoni mzigo wa matobolwa, viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na macho yake yalikuwa mekundu, mekundu ya uzee na ya kupikia kinyesi cha ng'ombe, maana kwao kuni zilikwisha zamani. Moyo wangu ulishtuka kwa ajili yake. Nilifikiri atawekwa stoo pamoja nami.

Waliongea Kisukuma. Kwanza habari za mvua na za wagonjwa. Halafu Mama mkubwa akamwambia kwamba asikae karibu na mlango, watu wanapita, na akampa kanga ajifunike usoni. Bibi akauliza ajifunike kwa nini, yeye si mwari. Mama mkubwa akasema kwamba anajua kwa nini. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Bibi akasema amekuja kwa sababu amesikia Milembe, ndilo jina la Mama mkubwa, anawafungia watoto, na habari hiyo imefika mpaka kijijini. Tena amesikia mjukuu wa dada yake amesemekana yuko kijijini wakati kijijini hayupo. "Yuko wapi yule mtoto?" aliuliza.

"Anaumwa macho," Mama mkubwa akajibu. "Akipona atatoka."

"Macho ni macho, Milembe. Huku ni mjini. Hakuna anayemjua mama yako huku."

"Hata kule walimjua," Mama mkubwa alisema. "Walimjua wote. Aliyekuja kuomba maji alikuwa amekula kwetu wakati wa mavuno."

Nilikuwa nimesikia tu kwamba bibi yangu alikufa zamani. Nikiwa nimelalia yale majora, jicho moja limefungwa kwa kitambaa, nilisikia alivyokufa. Mtoto wa jirani alikuwa amefariki, mwingine akafuata, na mganga akasema atafutwe mwanamke mwenye macho mekundu, huyo ndiye mchawi. Bibi yangu alikuwa na macho mekundu kama wanawake wote waliopikia kinyesi. Mchana, mvua ikinyesha, mtu akapiga hodi akaomba maji. Milembe alikuwa na miaka tisa. Alifungua mlango, akamchotea kata ya maji. Yule mtu akanywa, akamshukuru, akamwuliza kama mama yupo ndani na kama macho yake yamepona. Mtoto akajibu kwamba mama yupo, amelala, na macho bado, ni mekundu kama pilipili. Yule mtu akarudisha kata mikononi mwake. Wenzake walikuwa nyuma ya zizi na mapanga.

Mama mkubwa alisimulia haya kwa sauti yake ileile ya kuulizia vipimo. Mwishoni alisema, "Nilishika ile kata mpaka walipoondoka."

Bibi Ngolo akasema alikuwa mtoto, hakuna aliyemlaumu.

"Wewe ulinilaumu, mama mdogo. Siku ya kumzika. Nililia ukanishika mkono ukanipeleka pembeni. Uliniambia nisikuletee macho mekundu, nikawamalizia ukoo. Ukasema mdomo wangu ndio uliomwua mama yangu."

Nilingoja. Hata mimi, mtoto, nilijua kwamba sasa bibi atasema samahani, au atasema sikumbuki, ambayo ni samahani ya wazee. Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati, nyepesi. Bibi Ngolo alikohoa. "Nilisema kweli," alisema. "Ungekaa kimya, wangeondoka."

Mama mkubwa alimwambia, kwa heshima zote, kwamba watoto wa shule wanakaribia kupita na afadhali aondoke kabla hawajamwona. Chakula kilikuwa motoni. Harufu ya dagaa ilinifikia mpaka stoo. Hakumpa. Mwanamke mzee aliyetoka safari alifungwa kanga usoni kama mzigo, akaelekezwa njia ya kurudi stendi, na mzigo wake wa matobolwa ukarudishwa mgongoni. Alipopita karibu na stoo alisimama. Nadhani alijua niko humo. Hakuniita. Nami sikumwita, kwa sababu nilikuwa nimesikia alichosema na nilimwogopa kuliko yule aliyenifungia. Sikumwona tena.

Jicho la kulia lilipona lenyewe siku ya tisa, kama mwalimu alivyosema. La kushoto lilitulia wekundu, lakini katikati yake paliota wingu. Mama mkubwa alinipeleka hospitali kwa miguu, amenifunika kanga. Daktari alikuwa kijana, aliuliza limewekwa nini, na Mama mkubwa akamwambia ukweli wote bila kujitetea. Daktari akasema ugonjwa ule ungepona kwa maji safi. Akasema utomvu ule umeunguza kioo cha jicho, limebaki kovu, na kovu halitoki. Nitaona mwanga na kivuli, basi. Alikuwa amekasirika. Mama mkubwa alisikiliza kwa makini, akamshukuru. Tulipotoka nje alinivuta mpaka kwenye jua, akanifunua kanga, akanishika kidevu, akalivuta kope kwa kidole gumba. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha alitabasamu, mara ya kwanza tangu niingie kwake, tabasamu la mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani.

"Jeupe," alisema. "Jeupe si kitu. Hakuna mwanamke aliyewahi kuchinjwa kwa jicho jeupe."

Akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, taratibu, kama ile siku ya kwanza. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa ananipenda, na alinipenda muda wote, hata na kile kikombe mkononi. Laiti angekuwa ananichukia ningepona mapema. Mtu akikuumiza kwa chuki unakwenda zako. Mwanamke huyu alinipofusha akiwa ananiokoa, na mimi nikiwa na miaka kumi na minne nilisimama kwenye jua lile nikaona fahari, fahari kabisa, kwamba nimempendeza. Mwaka ulipokwisha nilipata nafasi ya bweni, nikaondoka. Aliniaga mlangoni. Aliniangalia macho yote mawili.

Binti yangu Stella ni muuguzi. Aliwahi kuniambia, tukiwa tunachambua mchele, kwamba siku hizi watu wa afya wanazungumza juu ya hofu kurithiwa, kwamba huenda mwili wa mama aliyetishwa sana humpa mtoto kitu, hata kabla mtoto hajaona cha kumtisha. Sikubishana naye, ingawa sikuona haja ya kwenda mbali kiasi hicho kwenye damu. Katika nyumba ninayoijua mimi hofu ilipitia kwenye kidole gumba, asubuhi, kabla ya chai. Nilimwambia tu kwamba kwangu iliishia palepale, kwa kuwa nilikuwa nimeapa. Sikununua rula. Nyumba yangu ya Nyegezi niliijenga bila stoo. Stella aliendelea kuchambua mchele. Nikafikiri amekubali.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya maziko, watu walipoanza kutawanyika, mtoto wa Stella, Neema, ana miaka saba, alianza kulia. Alikuwa amemwona marehemu mara mbili tu maishani. Lakini alilia kwa sauti, katikati ya sebule, mdomo wazi, kwa sababu watu wamemweka bibi kwenye shimo na kumfukia na hakuna anayesema kitu. Alikuwa mtu wa kwanza wa ukoo wetu kulia hivyo ndani ya kuta zile. Mimi nilikuwa karibu naye. Nilitaka kumkumbatia, hicho ndicho nilichotaka, naapa. Nilipozinduka nilikuwa nimemshika kidevu, nimemgeuzia dirishani, na kidole changu gumba kimelivuta kope lake. Na Neema alikuwa amenyamaza. Alikuwa amenyamaza ghafla, bila kumalizia pumzi, na alinitazama kwa uso ninaoujua.

Stella alikuja akakitoa kidole changu, kama mtu anavyotoa mwiba. Akamwambia Neema akacheze nje. Sisi wawili tukabaki.

Nilijaribu kucheka. Nikamwambia kwamba likizo inakaribia, nilikuwa nataka kumwomba Neema aje akae nami Nyegezi, anichangamshe. Stella akasema hapana. Nikauliza kwa nini.

"Mama, nilikuwa na umri wake uliponifungia bafuni," alisema. "Rafiki yangu alikuwa amehama, nikalia, na wageni walikuwa wanakuja. Ulisema nitoke macho yakitulia. Ulifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilijifungia mwenyewe, hukuniambia."

Nikamwambia sikumbuki. Si uongo. Nimetafuta kichwani tangu siku ile, usiku na mchana. Naliona lile bafu, naona vigae, naona ndoo, lakini mtoto ndani yake simwoni.

"Mimi nakumbuka," alisema Stella. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya chini, na mkono wake ulikuwa mtulivu juu ya meza. "Utamwona Neema nikiwapo. Ukija kwangu utamwona, nami nikija kwako. Peke yako, hapana." Kisha akanipigia goti kidogo kama binti anavyomuaga mama yake, akaenda kumchukua mtoto. Niliwasikia wakielekea barabarani, Neema akiuliza jambo, Stella akimjibu.

Nyuma ya nyumba Kabula alikuwa anasugua sufuria za msiba kwa mchanga. Nilichukua kigoda nikakaa karibu naye, nikavuta sufuria moja nikaanza kusugua. Nilimweleza yote, kidole, bafu, na neno la Stella. Alisikiliza bila kunitazama. Niliposema kwamba nimenyimwa mjukuu wangu, alisimamisha mkono wake ndani ya sufuria.

"Afadhali wewe umeambiwa sababu," alisema Kabula. "Wanangu hawaji tu."

Tukaendelea kusugua.